Masika ya Soksi ya Turubai

Machi 2
Mwanangu kaniletea daftari hili niandike mvua. Kila siku mstari mmoja, kasema: imenyesha au haikunyesha, na upepo ulikuwaje. Kazi hiyo aliifanya marehemu baba yake, na tangu afe hakuna aliyeshika kalamu, maana mwanangu ana shughuli nyingi za kukaa kwenye kiti kinachozunguka. Shule niliiacha nikiwa bado nashika kalamu kama mchi. Lakini kuandika najua. Nitaandika mvua, na nitaandika na wanaonyeshewa.

Leo haikunyesha.

Machi 5
Wingu zito asubuhi, jioni likaondoka bila kutoa tone. Lina tabia za watu wa nyumba hii.

Niwaandike mara moja nisirudie. Kiwanja hiki cha ndege tulikitengeneza mimi na mume wangu, yeye na trekta la kuazima, mimi na jembe. Njia moja ya udongo na nyasi, mwisho mmoja uko barabarani, mwisho wa pili kuna mtaro. Banda la bati lenye vindege vyetu vya watu wawili wawili na vya wengine tuliowapangisha nafasi. Pampu ya mafuta. Ofisi, na nyumba yetu nyuma ya ofisi. Hakuna zaidi.

Sasa anakiendesha mwanangu. Mlangoni kabandika kibao: MKURUGENZI. Ofisi ina mlango mmoja na ndani yumo mtu mmoja. Nikamuuliza, "Kibao cha nini, unaogopa kujipotea?" Akasema, "Mama, ni kwa ajili ya wageni." Basi nami namwita Mkurugenzi. Mkewe namwita Bibie. Alikuja hapa na kucha ndefu, na kazi ya kwanza aliyoifanya kiwanjani ni kupaka rangi ndoo kuukuu na kuzipanda maua, kana kwamba ndege zinashuka ili zinuse.

Binti yao ndiye mjukuu wangu, Njiti. Mrefu, mkavu, nywele tele kichwani, ukimwona kwa mbali unatamani kuwashia moto. Huyu anajifunza urubani. Mvua zikiisha atakuja mkaguzi kutoka mjini kumpima, akifaulu anapewa leseni. Haongei jingine. Ukimwomba chumvi anakupa habari za leseni. Anayemfundisha ni mtu tuliyemwajiri, anavaa miwani ya jua hata ndani ya banda, hata mawingu yakiwa yamegusa paa. Sijawahi kuyaona macho yake na sijayatamani.

Machi 9
Manyunyu. Upepo kidogo kutoka mtaroni.

Leo tumegombana juu ya soksi. Soksi ya upepo ni mfuko mrefu wa kitambaa, wazi pande zote mbili, unaning'inia juu ya mlingoti. Upepo ukiingia mdomoni, mkia unanyooka. Rubani akiutazama anajua upepo unatoka wapi, ashuke akiukabili, maana ndege inayoshuka na upepo mgongoni haisimami upesi. Tangu kiwanja hiki kiwe kiwanja, soksi nashona mimi. Bafta nyepesi, rangi ya chungwa, kila masika mpya.

Bibie kaja na pakiti ya nailoni. Soksi ya dukani!

"Mama, nimeona nikupumzishe. Zako zinachanika kila masika."

"Zinachanika kwa sababu zinafanya kazi. Wewe umewahi kuchanika?"

Mkurugenzi akajitia kutafuta kitu chini ya meza. Ndiyo desturi yake mimi na mkewe tukianza: hupotelewa na kitu chini ya meza. Njiti akacheka, na nikamwona. Bibie akasema taratibu, kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtu aliye kwenye foleni, "Basi Mama, tutundike hii mwaka huu tu, tuone."

Waliitundika. Inapepea kwa kila pumzi, juu chini, juu chini, haina msimamo, kama aliyeinunua.

Machi 10
Kavu. Nimekwenda mwenyewe dukani nikanunua turubai. Lile nene la kufunikia malori.

Machi 13
Nimevunja sindano mbili za cherehani. Nimeshona safu mbili, nje na ndani, mishono minne kila ukingo. Na mkia nimeubana, maana mkiani ndiko zinakoanza kuchanika. Huyo anayesema zangu zinachanika aje aichane hii kwa meno.

Machi 14
Wote walipokwenda mjini nimeshusha ile nailoni nikampa Fundi wetu wa injini. Kaikata vitambaa vya kufutia mafuta, kasema inateleza, haifai hata kwa hilo. Nimepandisha ya kwangu. Ilikuwa nzito, kamba ikanikata kiganja, lakini ikapanda. Upepo ulikuja mchana ikanyooka kama mkono wa askari.

Bibie alipoiona alisimama chini ya mlingoti muda mrefu. Akasema, "Ni imara, Mama." Nikamwambia, "Najua."

Mkurugenzi akasema, "Imependeza." Huyo angesema imependeza hata ningetundika suruali yake.

Machi 18
Masika yamefika. Imenyesha toka alfajiri, bati linapiga kelele hakuna aliyemsikia mwenzake, na hakuna aliyepungukiwa.

Upepo hakuna.

Machi 19
Mvua. Upepo hakuna.

Machi 21
Mvua kubwa, ikaacha saa za chai. Upepo hakuna kabisa, soksi imelala. Nimemkuta Njiti chini ya bawa la ndege, anasoma kitabu cha sheria za angani midomo ikienda kama anayesali. Nimemwambia macho yataharibika na mume hatapata. Akasema, "Bibi, mume nitampata nikiwa juu, nitamchagua vizuri." Mdomo huo kautoa wapi, sijui.

Machi 22
Bibie hajui kuanika. Shuka zangu mbili zimekutwa zimenasa kwenye seng'enge kule mwisho wa kiwanja, zimejaa matope. Nimemwonyesha jinsi ya kubana vibanio. Mtu mzima, mama wa mtoto, naanza kumfundisha vibanio. Akasema, "Nilibana, Mama." Kila kitu kwake alikibana.

Mvua adhuhuri. Upepo hakuna.

Machi 26
Wamekuja watu wa harusi kupiga picha na ndege, kwenye matope. Bwana harusi kapanda juu ya gurudumu akateleza. Bibi harusi alicheka kuliko inavyomfaa mtu aliyeolewa siku hiyo. Nawapa mwaka mmoja.

Ndoo za maua za Bibie zote zimelala chali. Nimemwambia ni mbuzi wa jirani. Ameniuliza mbuzi gani anayeangusha ndoo bila kula maua. Mbuzi mwenye akili, nikamjibu.

Mvua jioni. Upepo hakuna.

Machi 29
Njiti karuka peke yake leo, mara ya nne sasa. Yule mwalimu wake, Miwani, anamwachia ndege, yeye anakaa kibarazani na kahawa, anamtazama kama mtu anayetazama mpira. Kumbe kazi yenyewe ni hii, kukaa na kutazama. Mimi nimeifanya maisha yangu yote bila mshahara.

Nilimuuliza, "Mwalimu, mtoto ataweza?"

"Bibi, yule amezaliwa nayo. Nikimpeleka kwa mkaguzi nitajivunia."

Atajivunia yeye! Mtoto wa watu wengine.

Aprili 2
Mvua.

Aprili 3
Mvua. Mkurugenzi ana mafua, kila mtu ajue.

Aprili 6
Mwandiko leo ni mbaya, asiyeweza kusoma aache.

Njiti kaanguka na ndege. Yu hai. Naandika hilo kwanza.

Ilikuwa mchana, mvua ilikuwa imetulia lakini nyingine inakuja kutoka upande wa barabara, nyeusi. Njiti alikuwa juu peke yake, anazunguka kiwanja na kurudi kama anavyofanya siku zote. Nilikuwa ofisini nimempelekea Mkurugenzi maji ya tangawizi. Sauti ya mtoto ikaja kwenye redio, tulivu, akauliza upepo ukoje chini. Ndivyo tunavyofanya hapa: anayekaa ofisini anachungulia dirishani, anaitazama soksi, anasema alichokiona. Baba yake akachungulia. Nami nikachungulia. Soksi imening'inia wima, haina hata dalili.

"Upepo hakuna," akamwambia. "Chagua upande."

Akachagua kuingilia upande wa barabarani, maana ndiko alikokuwa karibu, na ile mvua nyeusi ilikuwa inamfukuza. Mtu yeyote angechagua hivyo. Akaja. Niliona mwenyewe anapita juu ya njia, anapita, hashuki. Kama kuna mtu anamsukuma. Magurudumu yakagusa katikati ya kiwanja, ambapo siku zote yanagusa mwanzoni. Akakanyaga breki na ndege ikateleza juu ya nyasi zilizolowa, ikaenda na pua yake hadi mtaroni. Sauti yake ilikuwa kama sufuria kubwa imeangushwa kwenye sakafu.

Sijui nilifikaje. Miguu hii haikimbii. Bibie alifika kabla yangu, bila viatu, na alikuwa ameshaingia mtaroni maji yakimfika mapajani, anavuta mlango. Alimtoa mtoto yeye. Si Mkurugenzi, si Miwani aliyekuja mbio kikombe kikiwa bado mkononi. Propela imepinda kama ndizi, gurudumu la mbele halipo. Njiti kifundo cha mkono kimevunjika na paji la uso limepasuka kidogo. Hakulia. Alikuwa anasema jambo moja tu, "Niliingia vizuri, Mama. Niliingia vizuri."

Na mimi nilimwambia nini? Nilimwambia, "Vizuri ungekuwa mtaroni?"

Aprili 7
Mvua. Kafungwa plasta.

Miwani kaongea. Kasimama kibarazani akatuambia wote, mtoto akisikia, kwamba Njiti aliingia kwa kasi, alikosa utulivu, bado hajaiva. Kwamba atalazimika kumwambia mkaguzi hivyo. Na kwamba mtu aliyeharibu ndege siku hakuna hata upepo, hawezi kumpeleka kwenye mtihani, si mwaka huu, na kwa moyo mweupe hawezi kusema hata mwakani.

"Si ulisema amezaliwa nayo?" nikamuuliza.

"Bibi, haya ni mambo ya kitaalamu."

Utaalamu wake ni kujivua. Mtoto akifaulu ni wake, mtoto akianguka ni wetu. Nimewahi kuona mbwa wenye haya kuliko huyu.

Lakini nami nilikuwa namwona mtoto ana makosa, niandike ukweli. Soksi ililala, upepo hakuna, njia ni ndefu, sasa aliendaje mtaroni?

Aprili 9
Mvua. Njiti haongei. Kaviondoa vitabu vyake vya urubani mezani, kaviweka chini ya kitanda. Chumvi nimeomba nikapewa chumvi tu.

Aprili 11
Mvua asubuhi. Njiti anakata nyasi kwa mkono mmoja. Nikamwambia aache, akasema, "Bibi, si ulitaka niachane na ndege? Nimeachana nazo. Nitatafuta kazi dukani."

Nilitaka hivyo kwa miaka miwili. Sasa nimepewa nilichotaka, na sina pa kukiweka.

Aprili 12
Nina jambo la kuandika na sitaki kuliandika.

Mvua iliacha mchana. Niliwasha jiko la nje. Moshi haukupanda, ulilala chini moja kwa moja, ukapita chini ya kamba ya nguo, ukaenda mtaroni kama maji ya mto. Nikaufuata kwa macho. Nikainua kichwa nikatazama soksi. Soksi imening'inia wima.

Nikatazama moshi. Nikatazama soksi. Nikasema labda nimezeeka. Nikachukua shuka iliyokuwa kambani nikaishika kwa ncha mbili, ikajaa upepo ikataka kuninyang'anya.

Nikaenda mlingotini peke yangu. Nikafungua kamba. Sikuishusha, ilijishusha: ikaanguka puu! kama mtu, na maji yakamwagika miguuni mwangu, ndoo nzima na zaidi. Turubai safu mbili lilikuwa limekunywa mvua yote ya siku, na mkia nilioubana ulikuwa umeyashika maji ndani kama kibuyu. Soksi ile ikilowa haiinuliwi na upepo wowote ila ule wa kuezua mapaa. Ikilowa, siku zote itasema upepo hakuna. Na mimi nimeandika upepo hakuna mwezi mzima, shuka zikiruka mbele ya macho yangu, ndoo zikilala chali, nikimtukana mbuzi.

Mtoto alikuja na upepo mgongoni. Aliuliza, akadanganywa na sisi. Na mimi.

Nimeikamua nikaipandisha tena. Usiniulize kwa nini. Sikutaka mtu aone mlingoti mtupu akauliza.

Aprili 13
Mvua.

Aprili 14
Mvua.

Aprili 15
Mvua. Miwani kaja kula kwetu, kala vipande viwili vya nyama.

Aprili 16
Kavu. Hakuna ndege iliyoruka tangu siku ile, kwa hiyo soksi haimdhuru mtu. Najiambia hivyo asubuhi, najiambia hivyo jioni.

Bibie kaniletea chai chumbani. Hakuna aliyemwomba. Akakaa kwenye kitanda changu bila kukaribishwa, akasema, "Mama, mkaguzi anakuja kesho kutwa kuchunguza ajali. Kama kuna jambo, tulizungumze sisi kwa sisi kwanza."

"Jambo gani?"

"Lolote."

"Jambo ni kwamba chai yako haina sukari."

Akanyanyuka. Mlangoni akageuka akanitazama, si kwa hasira. Ningependelea hasira. Huyu mwanamke ana macho ya kuona, nilikuwa nadhani ana kucha tu.

Aprili 17
Mvua kubwa. Kesho anakuja.

Nimepima maneno. Nikisema, kiwanja kinaweza kufungwa, na wataniambia mikono yako imeshazeeka, kaa jikoni. Atakayesema kwanza ni yule mwenye kiti cha kuzunguka. Nisiposema, Miwani atamzika mtoto kwa maneno yake ya kitaalamu na hatapanda ndege tena. Mtoto ni mdogo, nikasema, atasahau, dukani nako ni kazi. Kisha nikamsikia chumbani kwake anajigeuza kitandani.

Nakwenda kulala bila kuamua. Mimi! Niliyeamua mtaro uchimbwe wapi.

Aprili 18
Mkaguzi kaja na mvua. Viatu vyekundu vya ngozi, kwenye matope yetu. Kashuka garini akatafuta pa kukanyaga kama paka. Nikasema moyoni, na huyu ndiye anayepima watu.

Alitukusanya wote kibarazani: Mkurugenzi na tai yake, Bibie, Njiti na plasta, Miwani, Fundi, mimi kwenye kigoda changu. Miwani akaanza. Aliongea vizuri, hilo nampa. Kasi, pembe, uamuzi wa rubani, maneno yamepangwa kama vikombe kabatini. Njiti anatazama vidole vya miguu yake. Mkaguzi akamuuliza, "Binti, wewe unasemaje?"

"Niliambiwa upepo hakuna," akasema. "Lakini labda niliingia kwa kasi. Kama Mwalimu anasema, basi."

Basi! Mtoto wa mdomo ule kusema basi.

Mkaguzi hakuandika. Alikuwa anatazama mlingotini. Kisha akatazama ndoo za maua, zile zilizosimama zilikuwa zinatikisika mashina. Akashuka ngazi na viatu vyake vyekundu, akatembea ndani ya matope mpaka chini ya mlingoti bila kuangalia anapokanyaga. Akafungua kamba. Puu. Maji yakammwagikia mpaka magotini. Akasimama anaitazama, akaubonyeza mkia, akachungulia ndani, akarudi nayo imemlemea begani kama mzoga wa mbuzi, akaibwaga barazani mbele yetu.

"Nani alishona hii?"

Mkurugenzi akainama kutafuta kitu, wala meza haikuwepo. Mimi nilifungua mdomo, ukafunguka mtupu.

"Mimi," akasema Bibie.

Mkurugenzi akainuka.

"Niliishona mimi, mzee. Zile za zamani zilikuwa zinachanika, nikaona nitumie turubai. Sikujua kama itashika maji. Kosa ni langu, si la mtoto." Na hakunitazama hata kidogo. Alikuwa ameficha mikono nyuma, kucha zisionekane.

Mkaguzi akasema, "Ni kazi nzuri, mama, lakini..."

Kazi nzuri! Ya nani? Ya mwanamke niliyemwona kwa macho yangu akishona kifungo cha shati la mumewe kikawa kinaangalia kwapani? Mishono minne ya sindano nene, ukingo umekunjwa mara mbili, hakuna uzi uliochomoza, imeanguka na maji ndoo nzima na hakuna pindo lililoachia, aje aseme ameshona yeye?

Nikasimama. Kigoda kikaanguka.

"Muongo huyo!" nikasema. "Hajui kushona. Mpe uzi sasa hivi atunge sindano mbele yako, tukae hapa mpaka masika yaishe. Hiyo nimeshona mimi. Kila mshono. Yeye alileta nyepesi ya dukani, ile inayofaa, mimi nikaishusha wakiwa mjini nikampa huyu Fundi akafutia mafuta. Mkia nimeubana mimi. Na nimekwisha kuishusha mwenyewe nikaona maji, nikaipandisha tena, nikanyamaza. Huyu mtoto aliuliza upepo, baba yake na mimi tukamwambia hakuna, na upepo ulikuwepo, umemsukuma mgongoni mpaka mtaroni. Kwa hiyo andika. Na wewe wa miwani, ulikaa papa hapa na kahawa yako, upepo unakupuliza usoni, hukuuona?"

Miwani akavua miwani. Macho yenyewe ni madogo, hakuna alichokuwa anakificha.

Mkaguzi akaniambia, "Bibi, unajua maana ya ulichosema?"

"Najua. Mimi si mkurugenzi."

Bibie akashika uso akawa kama analia, kumbe anacheka. Halafu kweli akalia. Njiti alikuwa ananitazama. Sitaandika alivyonitazama.

Aprili 19
Mvua ndogo. Kiwanja kimefungwa mpaka soksi ya kufaa itundikwe na mkaguzi aione, na mpaka ofisini kiwekwe kile chombo cha kupimia upepo kwa namba. Mkurugenzi amenuna. Kaniambia, "Mama, ungeniambia mimi kwanza." Nikamwambia, "Ungekuwa chini ya meza."

Njiti atapimwa mkono ukipona. Mkaguzi atamleta mkufunzi mwingine. Miwani amekusanya vitu vyake. Kaja kuniaga, nikampa mkono. Mkono wake ni laini kama wa mtoto mchanga.

Aprili 20
Bibie kanunua soksi nyingine ya nailoni. Tumeitundika pamoja, yeye kamba, mimi maneno. Nimemwambia aliyosema mbele ya mkaguzi yalikuwa ya kijinga. Akasema, "Najua, Mama." Nikamwambia asirudie. Akasema, "Sirudii." Nimemwambia pia nitamfundisha kushona, maana aibu nyingine kama ile siiwezi. Akasema kucha zitamzuia. Nikasema zikatwe.

Hakuzikata. Lakini kaja, kakaa kwenye cherehani. Anashona kama anayefukuza kuku.

Mei 8
Kavu. Upepo kutoka mtaroni, wa kutosha.

Mei 21
Kavu. Plasta imetolewa. Mkono wa mtoto umekuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa, na hapo awali haukuwa mkono.

Juni 3
Kavu. Upepo kutoka mtaroni, tulivu.

Leo mkaguzi amempima Njiti. Alikaa naye ndegeni kwanza, wakaenda, wakarudi. Akashuka, mguu mmoja kwanza, safari hii viatu vyeusi, amejifunza. Akasema, "Sasa azunguke peke yake mara moja, ashuke, imekwisha."

Mkurugenzi alikuwa kwenye redio anasoma namba za kile chombo kama anayesoma hukumu. Bibie akatoka akaja kusimama nami ukingoni. Ndege ilipoinuka tu akafumba macho, akanishika mkono.

"Yuko wapi, Mama?"

"Juu. Ulitaka awe wapi?"

"Sasa?"

"Anageuka. Amegeuza vizuri. Sasa anakuja upande wa barabarani, anashuka akielekea mtaroni, upepo uko usoni."

Akaanza kunibana. Vile vidole vina nguvu, sijui zilikuwa zimefichwa wapi. "Niambie kila kitu," akasema.

"Anashuka kidogo. Bawa limeinama."

"Limeinama vipi? Mama?"

"Limenyooka."

Halikuwa limenyooka. Upepo ulikuwa umekohoa kidogo pale juu ya seng'enge na ndege ikayumba, pua ikapanda, nikaona kivuli chake kinakimbia kwenye nyasi peke yake, mbali na yenyewe. Mtaro ulikuwa unangoja kule mwisho. Bibie alikuwa ameniegemeza kichwa begani, mtu mzima, na mimi simhitaji begani kwangu.

"Ameshuka," nikamwambia. "Imekwisha. Pumua."

Akapumua. Akaanza kulia kwa furaha, macho bado ameyafumba, ananishukuru mimi, kana kwamba ni mimi ninayeendesha. Nikamwacha alie. Nikaendelea kutazama peke yangu mpaka mtoto aliposhuka kweli.